Zau anaongea Kiswahili, mbona hajui njia ya Kachibora?

Ukishuka matatu Kachibora siku ya soko, usiulize mtu kibanda cha PS kiko wapi. Fuata kelele. Nyuma ya duka la mbegu kuna chumba cha mabati chenye televisheni mbili, PS3 moja, PS4 moja, na benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Mechi ni shilingi 20. Ukifungwa unampisha mwenzako. Nimekulia kwenye benchi hilo, na hadi leo nikirudi nyumbani kutoka Kitale huwa napitia hapo kwanza, hata kabla ya kumsalimu nyanya. Naomba asisome hii.

Likizo iliyopita binamu yangu, aliye kidato cha tatu, alinivuta kando pale kibandani. “Braza, ati kuna gemu ya PlayStation inaongea Kiswahili?” Nikamwambia ndiyo, ipo. Macho yakamtoka. “Si tuiweke basi!” Ikabidi nimweleze kwa nini haiwezekani, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kukasirika. Sasa nakueleza wewe.

Gemu yenyewe inaitwa Tales of Kenzera: ZAU. Ilitoka Aprili 23, 2024, ikatengenezwa na Surgent Studios ya Uingereza. Mwenye studio hiyo ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Kama ulicheza Assassin's Creed Origins ya 2017, ile sauti ya Bayek ni yake. Salim alifiwa na baba yake, na badala ya kuandika kitabu akatunga gemu kuhusu huzuni hiyo. Kijana Zau, mganga, anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba yake. Anabadilisha barakoa mbili, ya jua na ya mwezi, anaruka kutoka jabali hadi jabali, na anapigana na mizimu iliyotolewa kwenye hekaya za Kibantu. Ukiingia kwenye mipangilio na kuchagua lugha, wahusika wanaongea Kiswahili. Sisemi maandishi madogo pale chini, nasema sauti. Mwaka 2025 ilishinda tuzo ya BAFTA katika kitengo cha gemu zinazovuka mipaka ya burudani.

Haya, ilitoka kwenye mashine gani? PS5, Xbox Series, kompyuta, na Nintendo Switch. Rudi kwenye kile chumba cha mabati uhesabu: PS3 moja, PS4 moja. Hapo hamna kitu. Switch ndicho kifaa cha mkononi walichokifikiria, na sina ugomvi nacho, ila nimezunguka Kitale, Webuye hadi Bungoma mjini na sijawahi kuona mtu akiwa nacho kwenye matatu. Kifaa cha mkononi cha watu wetu ni simu. Ni ile Itel au Tecno ya kulipa kidogo kidogo, kioo kimepasuka kwenye kona, nafasi imejaa picha za harusi ya shangazi.

Kwa hiyo gemu ya kuruka-ruka iliyo bora kuliko zote kwa lugha yetu imefika London, Tokyo na Toronto, lakini mtoto anayeota kwa Kiswahili hapa Trans Nzoia anaitazama YouTube kama mtu anayenusa nyama choma ya jirani.

Najua unachotaka kuniambia. Si waiweke tu kwenye simu? Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka siku niliponunua data ya wiki nzima nikapakua gemu moja maarufu ya konsoli iliyoletwa kwenye simu. Jina lake naliacha. Walichofanya ni kuchukua picha ya televisheni na kuibana, kisha wakachora vitufe sita juu yake. Vidole gumba vyangu vikafunika nusu ya mchezo. Kulikuwa na shimo moja ambalo sikuwahi kuliona kwa macho yangu, maana lilikuwa chini ya kidole cha kulia. Nililitumbukia mara 11. Siku ya pili nikiwa njiani, mtandao ulipokatika, gemu ikagoma kufunguka kabisa. Niliifuta kwa hasira, na data ilikuwa imekwenda.

Kosa hilo si jipya. Lina umri kuliko mimi na wewe, na waliolifanya ni watu wenye pesa.

Chukua Mario. Super Mario Bros. ya 1985 ilichezwa kwenye televisheni, picha yake ikiwa na nukta 256 kwa 240. Miaka minne baadaye Nintendo ikatoa Game Boy, kijisanduku cha betri nne, kioo cha nukta 160 kwa 144, rangi nne tu za kijivu-kijani. Timu ya Gunpei Yokoi haikujaribu kuubana ule mchezo mkubwa uingie humo. Walitunga mwingine, Super Mario Land. Mario akawa mdogo zaidi ili aone mbele. Hatua zikawa 12 badala ya 32, kiasi unachoweza kumaliza safarini kabla betri hazijalegea. Hata muumba wa Mario, Shigeru Miyamoto, hakuwa kwenye timu hiyo. Ikauza zaidi ya nakala milioni 18.

Miaka kumi baadaye, 1999, wakaleta ile ya 1985 yenyewe kwenye Game Boy Color kwa jina Super Mario Bros. Deluxe. Watu waliipenda, sitadanganya. Lakini michoro ilibaki ukubwa uleule na kioo kilikuwa kidogo, kwa hiyo unaitazama dunia ya Mario kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango. Ilibidi ubonyeze juu au chini ili mtazamo usogee uone unakorukia. Hebu fikiria unaruka, halafu ndiyo unauliza naenda wapi.

Sonic alipata mabaya zaidi. Sonic 2 ya mwaka 1992 ilikuwa kwenye Master System, nukta 256 kwa 192, na kwenye kifaa cha mkononi cha Game Gear, nukta 160 kwa 144. Mchezo uleule, kioo kimekatwa pembeni. Kwenye pambano na adui mkuu wa eneo la kwanza inakujia mipira inayodunda, na kwenye Game Gear inakufikia kabla macho hayajajua ni nini. Kuna watu wazima leo bado wana kinyongo na mpira huo. Nakumbuka shimo langu, nawaelewa kabisa.

Unaona tofauti? Waliofaulu walianza na kile kifaa wakauliza, mtu akikishika ataona nini, ana dakika ngapi, kidole chake kitakaa wapi. Walioshindwa walianza na gemu wakauliza tutaisukumaje iingie. Mtu akikuletea sofa la viti saba katika chumba chako cha kukodi pale Kitale, hata kama ni zuri vipi, mlango hautafunga.

Kwenye simu wapo walioelewa. Rayman Origins ya 2011 ilikuwa gemu ya konsoli. Mwaka uliofuata ikaja Rayman Jungle Run ya simu, ambapo Rayman anakimbia mwenyewe na wewe kazi yako ni kuruka kwa wakati. Ilibaki Rayman, ila imetungwa kwa kidole. Nintendo wenyewe walipoileta Super Mario Run, Desemba 2016 kwa iPhone na Machi 2017 kwa Android, waliifanya ichezeke kwa kidole kimoja. Hapo nawapa tano. Halafu wakaiharibu: ilitaka intaneti muda wote, na kufungua gemu nzima kulikuwa dola 9.99. Mtu aliyepanga hivyo hajawahi kupanda matatu ya kwenda milima ya Cherang'any, mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka kama wageni wa matanga.

Sasa ZAU. Nikiambiwa leo nikae na Salim na timu yake, ombi langu halitakuwa “tuletee ZAU kwenye simu”. Nitamwambia atuandikie ZAU ya simu. Ile ya konsoli ina kuruka, kukimbia kwa kasi, kubadilisha barakoa, kupiga kwa mbali na kupiga kwa karibu. Vitufe hivyo vyote kwenye kioo cha simu ni shimo langu la mara 11. Chukua kitu kimoja tu, barakoa mbili: gusa upande wa kushoto uwe jua, gusa kulia uwe mwezi. Vipande vya dakika tano tano. Zau mkubwa, mandhari machache nyuma yake, kwa sababu kioo kilichopasuka kwenye jua la saa saba mchana hakionyeshi ukungu wa kupendeza. Ikishapakuliwa isidai mtandao tena. Na hiki sikubali kiguswe hata kama nafasi imebana: sauti za Kiswahili. Afadhali wapunguze majabali kuliko kupunguza maneno.

Kuhusu bei, gemu kamili ilitoka kwa dola 19.99, ambazo kwa pesa zetu zilikuwa zaidi ya shilingi 2,500. Mara nyingi nasikia kwamba Wakenya hawalipii gemu. Nani kasema? Kaa kwenye kibanda kile Jumamosi moja uhesabu shilingi ishirini-ishirini zinazoingia kwenye kopo la kakao tangu asubuhi mpaka stima ipotee. Watu wanalipa. Wanalipa kidogo kidogo, kwa wakati wao, kama wanavyonunua sukari ya kupima. Uza sura moja kwa shilingi 50 kwa M-Pesa halafu uone.

Kuna wale wengine, hasa wazee wetu, watakaosema vijana wana shida kubwa kuliko gemu. Mahindi bei imeanguka, mbolea imechelewa, huyu anaongea mambo ya kuruka mashimo. Sawa. Lakini binamu yangu huyo, mtihani wa Kiswahili humtoa jasho, na nilimwona akitazama video ya ZAU akirudia sentensi moja mpaka akaipata lafudhi yake. Mwalimu wake amejaribu hivyo kwa miaka mitatu.

Tena mlango huu haufunguliwi na makampuni peke yake. Mwaka 2009 kijana mmoja wa Australia, Christian Whitehead, shabiki tu, alionyesha gemu ya zamani ya Sonic CD ikikimbia kwenye iPhone kwa programu aliyoiandika mwenyewe, akaiita Retro Engine. Badala ya kukata kioo, aliupanua mtazamo ujae simu nzima. Sega wangeweza kumshtaki. Wakampa kazi. Toleo rasmi likatoka 2011, Sonic ya kwanza na ya pili zikafuata kwenye simu 2013, na mwaka 2017 akaongoza Sonic Mania, ambayo wengi wetu tunaiona bora kuliko zile za zamani. Alianza kwa kutengeneza kile alichokosa.

Na wewe unayesoma hii ukiwa Bungoma, unajua tayari hadithi ambayo ingekuwa gemu ya kuruka-ruka bila kuongezewa chumvi. Mango na nyoka Yabebe. Nyoka amemaliza watoto, watu wamekata tamaa, mwanamume mmoja anaingia pangoni na panga. Hata sitamaliza, kila Mbukusu aliyekaa karibu na mzee mwaka wa tohara ameisikia. Na mapango yenyewe yapo, kule Mlima Elgon, ambako ndovu wa Kitum huingia gizani usiku kulamba chumvi ya mawe. Mjapani alimtunga fundi wa mabomba anayekanyaga uyoga, dunia ikakubali. Sisi tuna ndovu ndani ya pango na bado tunasubiri tuletewe.

Binamu hasubiri. Siku ya mwisho ya likizo alinionyesha simu yake. Amepakua Godot, programu ya bure ya kutengenezea gemu ambayo siku hizi ina toleo la kufanyia kazi kwenye simu yenyewe. Mango ni kisanduku cha kahawia. Ardhi ni mstari. Ukigusa popote, kisanduku kinaruka, na kinaruka vizuri, kina uzito fulani mtamu wakati wa kushuka ambao sikuutarajia.

“Shida ni nyoka,” akaniambia. “Nimemchora mrefu vile nyanya husema, haingii kwenye kioo.”

Nikamuuliza atafanyaje, nikijua ningemwambia ampunguze. Akakuna kichwa kidogo.

“Nitamwacha vilevile. Nitaonyesha kichwa tu.”