Kamera inapomwita mtoto kwa jina la kaka yake

Mzazi, uko kazini, saa nane na nusu mchana. Simu inalia, unatazama kioo: "Juma amefika nyumbani." Unashusha pumzi na kuendelea na shughuli zako. Saa tisa na nusu dada wa nyumbani anapiga kuuliza mbona Juma hajarudi. Aliyepita getini ni mdogo wake, na kamera imempa jina la kaka.

Wazazi wengi wananunua kamera za ulinzi zinazotambua sura kwa sababu moja: wanatoka alfajiri, wanarudi jioni, na katikati wanataka kujua nani kaingia na nani katoka. Ni sababu nzuri. Lakini kamera hizi hukosea kwa namna mbili, na hazina uzito sawa. Kamera inaweza kushindwa kumtambua mtu wa nyumbani ikasema ni mgeni. Huo ni usumbufu. Au inaweza kumpa mtu jina lisilo lake. Hiyo ni hatari, kwa sababu inakutuliza wakati ulipaswa kuuliza.

Tuanze na usumbufu, kisha tuje kwenye hatari.

Je, inatambua kweli?

Kuna kamera inayojua kwamba aliyepita ni mtu, si paka wala gari. Kuna nyingine inayojua ni mtu gani. Dukani zote mbili husifiwa kwa maneno yaleyale. Fungua programu ya kamera kwenye simu yako, ingia kwenye mipangilio, utafute sehemu ya kuandika majina ya watu na kuweka picha zao. Kama haipo, usipoteze muda; kamera yako haina uwezo huo. Kwa baadhi ya kampuni uwezo huo hulipiwa kila mwezi. Unaupata bure siku za mwanzo, muda wa majaribio ukiisha unazimwa, nawe unadhani kamera imeharibika.

Angalia pia intaneti. Baadhi ya kamera hutambua sura zenyewe. Nyingine hutuma picha kwenye kompyuta za kampuni na kusubiri jibu. Kwa hizi za pili, bando likiisha au ruta ikizimika, hakuna jina litakalokuja. Umeme ukikatika na kurudi, hakikisha tarehe na saa ya kamera ziko sawa, usije ukaambiwa mtoto kaingia usiku wa manane.

Pima kwa jicho lako

Kabla ya kumwita fundi, fungua video tatu au nne za karibuni. Simamisha picha pale mtu anapopita, ujiulize: kama nisingejua huyu ni nani, ningemtambua hapa? Kama jibu ni hapana, usiilaumu programu. Tatizo ni kwamba kamera haioni vizuri.

Sababu ya kwanza ni mahali ilipofungwa. Mafundi hupenda kuifunga juu, chini ya paa, ili isiibiwe na ione eneo lote. Kwa kulinda eneo ni sawa. Kwa kutambua sura, inaona utosi na kofia. Uso unatakiwa uonekane kwa mbele na kwa karibu, mahali mtu anaposimama au kupunguza mwendo, kama kwenye mlango mdogo wa geti au mlango wa sebuleni. Kama una kamera moja tu ya kutambua watu, ielekeze pale mtu anaposubiri kufunguliwa.

Sababu ya pili ni mwanga. Geti likiwa upande wa magharibi na kamera ikilitazama, jioni jua linakuwa nyuma ya anayeingia na uso wake unabaki kivuli. Kwa ngozi nyeusi tatizo huwa kubwa zaidi, maana kamera ikipunguza mwanga kwa ajili ya anga, uso ndio unaopotea. Igeuze kidogo ili anga isionekane sana kwenye picha. Kama kwenye mipangilio kuna sehemu iliyoandikwa HDR au WDR, iwashe. Kazi yake ni kusawazisha mwanga mkali na kivuli.

Usiku, taa ya kawaida inayomulika uso kutoka mbele husaidia kuliko kuitegemea miale ya kamera yenyewe, ambayo hutoa picha isiyo na rangi. Na chukua kitambaa laini ufute lenzi. Vumbi na utando wa buibui hurudisha miale hiyo kwenye kamera, picha ikawa ukungu mtupu.

Picha ulizoiwekea

Kama video ni safi na bado kamera inakosea, kagua picha za kumbukumbu. Picha moja ya harusini, yenye vipodozi na kilemba, haitoshi kumtambulisha mama anayerudi sokoni na kanga kichwani. Kila mtu awe na picha kadhaa, ikiwezekana zilizopigwa na kamera hiyohiyo pale getini. Mwenye miwani apigwe akiwa ameivaa na akiwa ameivua. Anayevaa mtandio apigwe akiwa nao, maana ndivyo atakavyopita.

Futa picha zenye ukungu. Ukikuta mtu mmoja ameorodheshwa mara mbili, tafuta sehemu ya kuunganisha majina. Ukikuta sura za watu wawili zimechanganywa chini ya jina moja, usihangaike kuzichambua. Futa jina zima, uanze upya.

Watoto wana habari yao. Sura ya mtu mzima haibadiliki haraka, lakini ya mtoto haikai. Meno yanang'oka, mashavu yanapungua, binti aliyesukwa wakati wa likizo ananyolewa shule zikifunguliwa. Badilisha picha zao kila mwanzo wa muhula.

Hatari yenyewe

Desemba 2019, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa ripoti ya kupima programu 189 za kutambua sura kutoka kwa watengenezaji 99. Katika programu nyingi, makosa ya kumwita mtu kuwa ni mwingine yalikuwa makubwa zaidi kwa watu wa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na Asia Mashariki kuliko kwa watu wa Ulaya Mashariki. Watoto na wazee nao walichanganywa zaidi kuliko watu wa umri wa kati. Baadhi ya programu zilizotengenezwa Asia hazikuwa na tofauti hiyo kwa sura za Waasia, jambo linaloonyesha kuwa programu huenda inazijua zaidi sura ilizofundishwa nazo.

Kamera ya getini kwako haikuwa kwenye vipimo vile, na programu zimeendelea kuboreshwa. Lakini mtoto wetu yuko kwenye makundi yote mawili: ni Mwafrika na ni mtoto. Ongeza kwamba ndugu wa tumbo moja hufanana, huvaa sare moja na hunyolewa na kinyozi mmoja. Mapacha ndio usiseme.

Kwa hiyo ipime mwenyewe Jumamosi moja. Watoto wapite getini mmoja mmoja wakiwa na sare, na pamoja nao binamu au rafiki wa rika lao ambaye hayupo kwenye kumbukumbu ya kamera. Kila mmoja apite mara tatu: akitembea kawaida, akiwa na begi na kofia, na akikimbia. Andika kwenye karatasi nani alipita na kamera ilimtaja nani.

Ikikataa kumtambua mtoto, rudi kwenye mwanga na picha. Ikimpa mtoto jina la mwingine hata mara moja, chukua hatua siku hiyohiyo. Kama mipangilio ina kiwango cha uhakika, kipandishe. Kamera itasema "mgeni" mara nyingi zaidi, na hiyo ni afadhali. Kama haina, futa majina ya watoto wanaochanganywa. Ujumbe wa "kuna mtu getini" utakufanya ufungue video utazame. Ujumbe wenye jina ndio unaokufanya usitazame.

Na jambo moja lisiwe na mjadala: usiunganishe kamera ya kawaida na kufuli ili mlango ujifungue ikitambua sura. Kamera isiyopima kina cha uso inaweza kudanganywa kwa picha tu iliyoshikwa mkononi.

Sura za watu wengine

Dada wa nyumbani, mjomba aliyekuja kukaa mwezi mmoja na watoto wa jirani wanaokuja kucheza wote wanapita mbele ya kamera yako. Waambie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za kibayometria na taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Hata kama kamera yako ni ya matumizi ya familia tu, busara hiyo inakuhusu. Macho hayana pazia, lakini kamera unaweza kuiwekea. Igeuze isitazame mlango wa jirani. Usiandike jina la mtoto wa mtu bila mzazi wake kujua. Dada akiacha kazi, futa sura yake. Na nenosiri lililokuja na kamera libadilishe siku ya kwanza, maana huenda kamera nyingine za aina hiyo zilikuja na hilohilo.

Utaratibu wa kila siku

Kamera ikishakaa sawa, ipe kazi inayoiweza: kukuonyesha video ukitaka kuangalia. Kazi ya kuthibitisha kwamba mtoto amefika iachie sauti. Mtoto asiye na simu apige kwa simu ya dada, au dada apige na kumpa aongee mwenyewe. Mkubaliane saa, kulingana na umbali wa shule na foleni za barabarani. Saa hiyo ikipita hujasikia sauti yake, piga wewe, hata kama ujumbe kwenye simu unasema amefika.