Damu Bado Haijapata Kiwanda Ila Mwanadamu



Kijana mmoja wa Kiuyu, kisiwani Pemba, ametuuliza: “Nimesikia kwamba wataalamu sasa waweza kumkuzia mgonjwa damu kutokana na chembe za mwili wake mwenyewe. Basi iko haja gani tena ya mimi kwenda kutoa damu yangu?” Suali hili ni zuri, na jawabu yake yatuhusu sote, kwani hapana nyumba isiyo na mama wala mtoto.

Khabari aliyoisikia ni ya kweli. Kila mmoja wetu ana kiwanda cha damu mwilini mwake, nacho ni uboho ulio ndani ya mifupa. Humo mna chembe mama, alizozijaalia Mwenyezi Mungu kuzaa chembe nyekundu zaidi ya milioni mbili kila sekunde, na kila moja huishi kadiri ya siku 120. Mwaka 2011, Luc Douay na wenziwe wa Paris, Ufaransa, walitangaza kuwa wamechukua chembe mama za mtu mmoja, wakazikuza nje ya mwili mpaka zikawa chembe nyekundu, kisha wakamrejeshea mwenyewe. Baada ya siku 26, kadiri ya nusu yake zilikuwa zingali hai. Mwaka 2022 wataalamu wa Uingereza nao walianza kuwatia watu damu iliyokuzwa kutokana na chembe za watoaji wengine.

Lakini na tupime kabla ya kushangilia. Damu ile ya Paris ilikuwa sawa na mililita 2 tu, na ile ya Uingereza kijiko kimoja au viwili. Mfuko mmoja anaoutoa mtu una kadiri ya mililita 450. Tena kuikuza huchukua majuma kadhaa, na gharama yake ni kubwa mno. Sasa mwanamke wa Kiuyu akijifungua usiku, damu ikamtoka pasi na kusita, je, atangoja majuma hayo? Hana muda ila saa chache, pengine hata moja hana. Kitakachomwokoa, kwa idhini ya Mola, ni mfuko uliokwisha kutolewa, ukapimwa, ukahifadhiwa katika baridi kabla yeye hajashikwa na uchungu. Na mfuko huo haudumu zaidi ya siku 42. Kwa hivyo watoaji huhitajiwa kila mwezi, si siku ya msiba peke yake.

Wako wanaochelea kuwa kutiana damu huleta undugu kama wa kunyonya, hata watu wakakatazwa kuoana. Baraza la Fiqhi la Makka liliamua mwaka 1409 Hijria, yaani 1989, kwamba damu haiharimishi kama yanavyoharimisha maziwa, na kwamba kuiuza haifai. Basi shaka hiyo na iondoke.

Iko na kazi ya pili, nayo ni kukilinda kiwanda chenyewe. Uchunguzi uliofanywa Pemba katika miaka ya 1990 ulionyesha jinsi minyoo ya safura inavyowapotezea watoto wa skuli damu na chuma, na uboho bila ya chuma hauwezi kazi. Mzazi amvishe mtoto viatu, nyumba iwe na choo, dawa ya minyoo inywewe inapogawiwa, wala vidonge vya chuma visitolewe ila kwa shauri la tabibu.

Nawe kijana, ukiwa umetimia miaka 18, mzima wa afya, na uzito wako haupungui kilo 50, waweza kutoa damu kila miezi 3, na dada yako kila miezi 4. Uboho wako utairejesha. Yule mama asiyekuwa na damu usiku huo hana wa kumrejeshea ila wewe.

Wabillahi tawfiq.