Mbele ya kugawa biskuti, muulize mama yake

Mutoto wangu wa pili ana miaka saba na hawezi kula kalanga. Si kwamba haipendi. Mwaka juzi, tarehe 6 Desemba, siku ya Saint-Nicolas, ku masomo waligawa biskuti za kalanga. Midomo ikavimba, vipele vikatoka mwili muzima, akaanza kutapika na kuvuta pumzi kwa shida. Mimi nilikuwa ku mine, zamu ya muchana. Mama yake alimukimbiza ku dispansere na moto. Munganga akamudunga adrenalini ku paja, akapona.

Kesho yake mwalimu aliniambia: «Baba, kalanga haiwezi kuua mutu. Sisi wote tulikomea mu kalanga.» Jirani naye akaanza kusema mambo ya bulozi. Mwalimu sikumukasirikia sana. Kwetu kalanga iko mu sombe, iko mu buyi ya asubuhi. Hata ile Plumpy'Nut wanayopatia watoto waliokonda imetengenezwa na kalanga. Mutu asiye na pesa ya nyama, kalanga njo nyama yake. Kwa hiyo siombi masomo ikataze kalanga, wala ifukuze ba mama wanaouzisha ku mulango.

Ninaomba wazazi waambiwe siku moja mbele: kesho tutagawa kitu hiki. Nitamutumia wangu biskuti yake. Na watoto wanawe na sabuni, juu maji peke yake haitoshi kutosha kalanga ku mikono.

Shida kubwa ni adabu yetu. Tunafundisha watoto wasikatae chakula cha mukubwa. Mutoto akikataa, mwalimu anasema: «Kula, usidharau zawadi.» Mutoto wa miaka tano atafanya nini? Anakula. Wetu tulimufundisha kujibu: «Asante mwalimu, nitapelekea mama.» Anapokea na mikono mbili, anaweka mu sakoshi. Hakuna mutu anakasirika.

Halafu kuna dawa. Mutoto akivimba hivyo, wengi wanamunywesha maziwa ao mafuta ya ngazi. Haisaidii. Vidonge vya kukwaruza navyo vinatuliza ngozi tu. Pumzi ikikatika, ni adrenalini, na mbio. Ile kalamu ya sindano ambayo watu wa Ulaya wanabeba mu mufuko, huku si rahisi kuipata. Basi ba sendika waulize ku dispansere ya kampuni: adrenalini iko? Hata usiku, hata siku ya Mungu? Na ninyi wachimbaji musio na kampuni, pitieni ku santre ya karibu muulize leo, mutoto akiwa muzima.

Mwalimu wa mwaka huu ametuma neno mu kayee: watagawa bombo na mandazi. Nimemuandikia kuuliza mandazi yatakaangwa mu mafuta gani. Ningali nangoja jibu.