Elimu ya Kutafuta Kosa

Katika shule zetu tunafundishwa kanuni nyingi za umeme, na sisi wa vidato vya juu twaweza kuzitaja bila kusita. Lakini chombo kikigoma nyumbani, wengi wetu hatuna tufanyalo ila kukipiga kofi, kukizima na kukiwasha tena, kisha kumwita fundi. Maoni yangu ni kwamba kutafuta kosa kwa utaratibu ni elimu kamili, na yafaa ifundishwe na kutahiniwa kama elimu nyingine. Nitaeleza kwa mfano mmoja ambao kosa lake halionekani kwa macho.

Mwaka 1975 kampuni ya Pico Electronics ya Glenrothes, Scotland, ilibuni mpango uitwao X10, nao ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1978. Nia yake ilikuwa mtu aweze kuwasha taa ya chumba kingine bila kutandika waya mpya. Amri hupita katika waya zile zile zinazoleta umeme. Umeme wa Marekani huenda na kurudi mara 60 kwa sekunde, na kila unapogeuka kuna kitambo kidogo ambapo nguvu yake ni sifuri. Hapo ndipo ishara hupenyezwa: mtetemo mwepesi wa mara 120,000 kwa sekunde, unaodumu sehemu moja tu ya elfu ya sekunde. Ni kama mtu anayenong'ona kati ya mapigo mawili ya ngoma. Tena, vyombo vya kwanza vya mpango huo havikuwa na njia ya kujibu kwamba vimesikia.

Siku hizi vyombo vipya vya namna hii hutumia redio zaidi, lakini vya waya vingali vipo majumbani, na malalamiko ya wenye navyo ni yale yale: asubuhi taa inatii, jioni inakaidi. Wengi hukimbilia kununua swichi mpya. Hiyo ni kutupa fedha, kwa maana mara nyingi msemaji ni mzima na msikilizaji ni mzima, bali ugonjwa uko kati yao. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Sababu kubwa ni tatu. Ya kwanza ni kelele. Chaja ya bei rahisi au taa mbovu yaweza kutoa mitetemo yake yenyewe katika waya, na mnong'ono usisikike.

Sababu ya pili ni kumezwa. Televisheni na kompyuta nyingi zina kapasita ndogo mlangoni mwa umeme, iliyowekwa ili kuzuia kelele. Hebu tutumie kanuni tuliyoikariri darasani. Kapasita ya mikrofaradi 0.1, kwa umeme wa mizunguko 60, ina ukinzani wa karibu omu 26,500, yaani ni kama haipo. Lakini kwa ishara ya mizunguko 120,000 ukinzani wake ni omu 13 tu. Ishara huiona kama mlango ulio wazi, ikaingia humo na kupotea. Kwa hiyo kompyuta isiyo na kosa lo lote yaweza kuizuia taa ya chumba cha pili. Angalia pia kwamba kuzima si kuchomoa. Mara nyingi kapasita hiyo iko mbele ya swichi ya chombo, nayo huendelea kumeza hata chombo kikiwa kimezimwa.

Sababu ya tatu ni njia yenyewe. Nyumba ya Marekani huletewa waya mbili zenye moto, kila mmoja volti 120, na kati yao volti 240. Kama msemaji yuko kwenye waya mmoja na taa iko kwenye wa pili, ishara hulazimika kutoka nje hadi kwenye transfoma na kurudi, nayo hufika imechoka. Basi hutokea ajabu: taa hutii tu wakati jiko la umeme linapopika! Asiyejua atasema nyumba ina mashetani. Ajuaye atakumbuka kwamba jiko limefungwa kwenye waya zote mbili, na koili yake ikiwaka huwa daraja la kuivusha ishara.

Sasa mtu atafuteje? Kwanza aandike saa ambazo chombo hugoma, na vitu vilivyokuwa vikifanya kazi saa hizo. Pili, aweke msemaji na msikilizaji katika matundu ya plagi yaliyo jirani. Wasiposikizana hata hapo, ndipo awashuku wao wenyewe. Tatu, agawe nusu kwa nusu. Kama sanduku la umeme lina swichi 16, mbali na ile ya taa yenyewe, na mkosaji ni mmoja, azime 8. Taa ikipona, mkosaji yumo katika hizo 8; isipopona, yumo katika zile nyingine. Kisha 4, kisha 2, kisha 1. Kwa majaribio manne atampata, lakini akizijaribu moja moja huenda zikamchukua majaribio kumi na matano. Na asibadili mambo mawili kwa mara moja, la sivyo hatajua lipi lililoponya.

Wengine watasema hayo ni mambo ya matajiri wa ng'ambo. Sivyo. Katika Afrika Mashariki ziko mita za umeme wa kulipia kabla ambazo mita yenyewe iko nje, na kisanduku cha kubonyezea namba kiko ndani, navyo huzungumza kwa waya za umeme. Kisanduku kikigoma kupokea namba, familia hulala gizani hali imekwisha kulipa. Kabla ya kumlipa mtu nauli, chomoa vyombo vingine, kisha ukipeleke kisanduku kwenye tundu la plagi lililo karibu na swichi kuu.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya fundi. Nakubali kwa kufungua sanduku na kuunga waya. Hapa Uganda waya mmoja ni volti 240, na kati ya waya mbili za fezi mbalimbali ni volti 415, nazo huua. Mita nayo isiguswe kabisa. Lakini kuchomoa plagi, kuandika na kufikiri hakuhitaji leseni. Tena, mwenye nyumba anayejua kosa liko upande gani hadanganywi na fundi wa kubahatisha.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Walimu wetu wa fizikia watufichie kosa katika saketi kila muhula, na alama zitolewe kwa utaratibu wa kutafuta, wala si kwa bahati ya kupata. Na ninyi wanafunzi wa zamani mlio mafundi na mainjinia, njoni jioni moja mtuonyeshe jinsi mnavyotafuta. Aliye na maoni mengine na ayaandike katika toleo lijalo.