Ubashiri wa Michezo: Kinachomtofautisha Mtaalamu na Mchezaji wa Burudani

Michezo ya kubahatisha nchini inaendeshwa kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2003 chini ya usimamizi wa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, na inaruhusiwa kwa wenye umri wa miaka 18 na kuendelea pekee. Ruhusa hiyo, hata hivyo, haigeuzi ubashiri kuwa ajira, ingawa wapo vijana wanaoamini kuwa kuufahamu mpira kunatosha kuwapatia kipato.

Hesabu inaonesha vinginevyo. Kwa dau lenye matokeo mawili yenye nafasi sawa, malipo ya haki kwa shilingi 1,000 yangekuwa shilingi 2,000. Kampuni ikilipa 1,900, mchezaji atalazimika kupatia takriban mara 53 katika kila 100 ili tu arudishe fedha zake.

Pengo hilo hukua kwenye mkeka. Mkeka wa madau kumi ya aina hiyo hupatikana mara moja katika 1,024, lakini shilingi 1,000 hulipwa takriban shilingi 613,000 badala ya 1,024,000. Mchezaji wa burudani huvutiwa na ukubwa wa malipo. Hesabu ya kilichokatwa haioni.

Mtaalamu huanzia kwenye hesabu hiyo. Hatafuti timu itakayoshinda, bali malipo yaliyopangwa juu kuliko uwezekano halisi. Huweka sehemu ndogo ya mtaji wake kwa kila dau, hutunza kumbukumbu, na haongezi dau ili kufidia hasara. Tony Bloom, mmiliki wa Brighton, na Matthew Benham, mmiliki wa Brentford, walijenga utajiri wao katika ubashiri kwa kutegemea kampuni zenye wachambuzi wa takwimu, na si mapenzi ya timu. Hata wanaofikia kiwango hicho hukabiliwa na kikwazo kingine: kampuni nyingi duniani hupunguza kiwango cha dau kwa wateja wanaoshinda mara kwa mara.

Kwa mwananchi wa kawaida, fedha ya ubashiri ni gharama ya burudani, sawa na kiingilio cha uwanjani. Ipangiwe kikomo kabla ya mechi, na isitokane na mkopo, ada ya shule wala mtaji wa biashara.