Viti Saba na Mlima wa Bugarama

Mwandishi mmoja ameishauri familia ya Bujumbura ichague Nissan X-Trail ya viti saba na kuiacha Toyota RAV4, kwa kuwa bei zinalingana. Simkubalii. Bei unailipa mara moja. Gari utaishi nalo miaka.

Barabara ya RN1 inaanzia jijini, chini ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, na kufika Bugarama, zaidi ya mita 2,000, kwa kilomita zisizotimia 40. Pakia watu saba na magunia ya viazi, uone giaboksi ya CVT ya X-Trail inavyoteseka. RAV4 nyingi kutoka Japani nazo zina CVT, nakiri. Lakini ikiharibika, mafundi wa mtaa wa Buyenzi wanaijua Toyota nje ndani, na spea zake hazisumbui kupatikana. Mwaka 2024 petroli ilipoadimika, watu wakavuka mpaka hadi Uvira, Kongo, kuitafuta. Hapo uzito wa gari, unaoongeza ulaji wa mafuta, ukawa gharama.

Tena magari hayo ya kutoka Japani yana usukani wa kulia katika nchi tunakoendesha upande wa kulia. Kulipita lori konani ni hatari, na mwandishi yule hakuligusa hilo.

Ndugu msomaji, kabla ya kulipa, lipandishe gari Bugarama likiwa na familia nzima.