Masikio Hayahitaji Cheti

Je, umewahi kuzima redio kwa kudhani kuwa muziki wa klasiki wa siku hizi ni wa waliosomea nota? Hata mimi nilidhani hivyo, nikijiona mshamba, hadi niliposikia Clapping Music, aliyoitunga Mmarekani Steve Reich mwaka wa 1972, baada ya kujifunza ngoma nchini Ghana mwaka wa 1970.

Hamna piano wala fidla. Watu wawili wanapiga makofi. Huanza pamoja. Mmoja habadilishi mwendo. Mwenzake husogea pigo moja, kisha jingine, wakapishana. Akishasogea mara 12, wanakutana tena.

Jaribu leo na mwanao. Mkipotezana, chekeni. Mkikutana, mtakuwa mmeuelewa bila mwalimu.